Nilivyojificha Mlangoni kwa Bwana Omari

Najua mmeshaisikia habari hii kwa watu, tena kila mtu ana yake, wapo wanaosema nilikuwa chini ya punda (si kweli, nilikuwa ubavuni), kwa hivyo bora niisimulie mwenyewe, aibu yangu niimalize kwa mdomo wangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Nashona kofia, na kofia hazimdai mtu atoke. Wateja huja, mama hupika, nami nikichoka na sindano nawasha mashine ya gemu. Siku hizo nilikuwa kwenye ule mchezo wa kunyemelea, sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza niliimaliza kama anywaye uji, maana ilikuwa na sheria moja tu, kaa gizani hutaonekana. Ya pili sijui nani aliwashauri walioitengeneza. Giza halifichi tena. Ukikaa kivulini walinzi wanakuja na tochi, ukikimbia wanakusikia, ukisimama wanajiuliza huyu kasimamia nini hapa. Nilikufa kwenye lango la ngome ile ile mpaka mama, aliyekuwa nyuma yangu akichambua mchele, akauliza, "Mbona huyu yuwapita mbele ya watu hata salamu hatoi? Ningekuwa mlinzi ningemshika kwa hilo tu."

"Huo ndio mchezo wenyewe, mama."

"Basi ni mchezo wa wasio na adabu."

Mwishowe nikaigundua siri: unangoja mkokoteni wa nyasi upite, unainama nyuma yake, unaingia nao langoni na walinzi wanatazama tu.

Sasa siku yenyewe. Ami Shee, ndugu wa marehemu baba, alikuwa aende baada ya swala ya alasiri kuniposea Saumu kwa babake, Bwana Omari. Saumu nilimtaka tangu tulipokuwa sekondari, na Bwana Omari ni mzee ambaye ameshawarudisha vijana wenye kazi na sura kunishinda. Mama akanionya, "Leo usitoe mguu. Mtu haonekani ndiani karibu na nyumba anayoposa, watasema una pupa." Nikacheka. Wa kuambiwa asitoke ni mimi kweli?

Nikawasha gemu ili moyo utulie. Nikaingia ngomeni, kwa mara ya kwanza, na humo ndani huwezi kuhifadhi ulipofika mpaka utokee upande wa pili, na hapo ndipo kontrola ikaanza kumwekamweka taa nyekundu. Chaji inakwisha. Waya wake alikuwa nao binamu yangu wa mtaa wa pili, simu hashiki, na ndia ya kwenda kwake inapita mbele ya daka la Bwana Omari, pale kwenye viti vya mawe nje ya mlango wake, ambapo Ami Shee alikuwa ameshakaa kitako akiniombea mke. Mwenye akili angeacha gemu izimike. Mimi nikajiambia nitapita tu, nisionekane.

Kwenye kona nikamkuta punda wa Lali (tulisoma naye) amebeba magunia ya mchanga, yuwaenda peke yake, Lali yuko nyuma sana na simu sikioni. Mnaona mambo yanakoelekea. Nikainama ubavuni mwa punda, upande wa ukuta unaotazamana na daka, nikaenda naye mwendo mmoja. Niliopishana nao sikuwasalimu, nisije nikajifichua, nao wote wakageuka kunitazama, nami sikuelewa kwa nini.

Tukafika dakani. Nikamsikia Ami Shee kwa sauti yake ya mikutano, "Kijana wetu hana maskani ya kupiga soga na vijana, hana mizunguko. Ukimtaka wakati wowote utampata nyumbani."

Punda akasimama.

Mkokoteni wa kwenye gemu hausimami. Nikamsukuma kwa bega, akakataa. Kumbe mchanga ni wa Bwana Omari mwenyewe, alikuwa akimjengea binti yake ghorofa nyingine juu ya nyumba kama ilivyo ada yetu, na punda alikuwa amefika. Lali akaja, akashusha gunia, akashusha jingine likapasuka, akampiga punda kofi la mgongo, punda akaenda zake. Nikabaki mimi.

Sasa, katika gemu mlinzi akikuona kuna muda kidogo ambao hana hakika. Usipotikisika atasema labda ni paka, atarudi zamu yake. Basi nikachutama pale pale, mkono mmoja bado umeinuka palipokuwa na punda, nikawangoja wazee warudi zamu zao.

"Bwana Shee," Bwana Omari akasema taratibu, "huyu si kijana wako?"

Ami akanitazama sana. "Anafanana naye."

Lali, Mungu amlipe kheri, alitaka kuniokoa. "Athman, umeangusha kitu?"

"Ndiyo."

"Kitu gani?"

Sijui kwa nini sikusema ufunguo. "Sindano."

Na mtu akipoteza kitu mlangoni kwa watu, watu hawakai wakamtazama. Bwana Omari akashuka, akakunja kanzu, akachutama. Ami Shee naye hana budi, akachutama, na kila akinipita ananong'ona, "Nyumbani kuna nini hata ukatoka?" Lali akachekecha mchanga kwa vidole. Wapita njia wakajiunga. Mimi nilitafuta kwa bidii kuwashinda wote, mpaka nikaanza kuamini kuwa ipo.

Dirisha la juu likafunguka. Ilikuwa sauti ya Saumu. "Baba, mwatafuta nini?"

"Sindano ya Athman."

Vikafuata vicheko vya kuzibwa midomo, kumbe juu kumejaa mashangazi.

Na sindano ikapatikana, wallahi. Bwana Omari aliiinua. "Ndiyo hii?"

Nikasema ndiyo yenyewe, Mungu akuweke, nikanyoosha mkono. Hakunipa. Ilikuwa shazia, sindano ya kushonea magunia, ndefu kama kidole, imetoka kwenye gunia la Lali.

"Kofia wazishona kwa hii?"

"Zile ngumu," nikasema.

Jibu la posa lililetwa na Ami kesho yake, huku akizungumza na ukuta. Bwana Omari hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Yeye ametutazama akiwa amejificha, sasa nasi tumtazame. Aje kila alasiri akae dakani kwangu mpaka nimjue."

Mimi, mtu wa ndani. Kila alasiri niko pale, mji mzima unapita, na kila apitaye anauliza kama leo nimepoteza nini. Bwana Omari ananimiminia kahawa, nami sijui nahesabiwa mkwe au mahabusu. Mashine ya gemu nimempa binamu, na nimeapa sitapita tena mlango wa mtu kimya kimya, hata uwe mlango wa gofu lisilokaliwa na mtu. Jana mamake Saumu alinitolea sahani ya halua, na mpaka sasa sielewi ilikuwa halua ya kumkaribisha mtu au ya kumpa pole. Niliila yote, nikarudisha sahani mwenyewe, nikapiga hodi kwa sauti iliyowageuza watu barabarani. Kwenye dirisha la juu nikasikia kicheko kile kile cha kuzibwa mdomo, ila sasa kilikuwa cha mtu mmoja.