Kidole cha Kushikilia Fundo

Mwanamke jirani yetu wa ghorofa ya chini hapimi kitu akipika. Kila Jumapili, kabla ya misa, huupasua mnofu wa nguruwe wenye ngozi yake bila kuutenganisha, akaukunjua kama mkeka, akautandazia maini, kitunguu saumu na majani ya kiungo cha shamari ya porini, kisha akauviringisha, ncha ya uzi kaibana kwa meno. Hufunga taratibu, akivuta mpaka ngozi inalia. Nyama yake haijawahi kufumuka ndani ya oveni, na mimi nimeomba sana ifumuke. Jumapili iliyopita tulipita kumsalimu, akamwita mume wangu: "Ubaldo, hebu niazime kidole, unishikilie fundo."

"Chukua mkono mzima, jirani!" Keshakunja mikono ya shati hadi kwenye kiwiko.

Kwangu mimi, tangu anioe, nikifunga nyama fundo nalishikilia mwenyewe kwa kidevu.