Fundi Asiyependa Kiti Kinachonesa

Kila toleka, baiskeli ya kubeba abiria, iliyofikishwa kwake, fundi yule aliikandamiza kiti kwa kiganja cheusi kwa grisi, kichwa kimeinama kama mkunga anayesikiliza tumbo. Kiti kikinesa, alifyonya. Ya Muhindo, kijana mbeba abiria, iliyoachwa na mzungu aliyekimbia vita, ilikuwa na springi mbele na nyuma, na Muhindo alitaka kushinda nayo mashindano ya baiskeli ya Jumapili. “Hii ya nyuma inakulaka nguvu ya miguu,” fundi alimwambia, akachonga kipande cha mti, akakipigilia penye springi hadi nyuma pakawa pagumu kama jiwe. Muhindo akajiona ameshashinda.

Jumapili hiyo, Muhindo akipitia kwa fundi kujaza magurudumu upepo wa mwisho, aliletwa Simone, mke wa jirani wa fundi, uchungu wa kuzaa umemshika. Magari yote ya kumfikisha hospitali yalikuwa mikononi mwa askari. Fundi hakuomba ruhusa. Alipiga magoti, akakichomoa kile kipande cha mti. Filimbi ya mashindano ikalia barabarani. Muhindo alifungua mdomo atete, lakini kiganja cha fundi kilikuwa tayari juu ya kiti. Kikanesa. Fundi hakufyonya.

“Bon, pandisha mama,” alisema. “Enda pole-pole.”