Kioo cha Upande wa Godelive

Gari la Papa Jean-Marie lina usukani, yaani volant, upande wa kulia, na kwa mtu wa Bukavu hilo si jambo la kupuuza. Kwetu magari hushika mkono wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva wa gari kama hilo hukaa ukingoni kabisa, karibu na mtaro, na akijikuta nyuma ya lori haoni kitu ila matairi na vumbi. Anayeiona njia ni yule aliyekaa kiti cha pili, upande wa kushoto. Katika Peugeot 404 ya Jean-Marie, ambayo ilivushwa Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma ikiwa tayari imeshazeeka, kiti hicho kilikuwa cha mke wake, Maman Godelive. Watoto walikaa nyuma, wageni walikaa nyuma, hata padri siku moja alikaa nyuma pamoja na kuku wake.

Walikuwa na desturi yao. Wakifika nyuma ya lori, Jean-Marie anauliza, "Niende?" Godelive anasogeza kichwa dirishani, anatazama mbele, halafu anajibu neno moja tu: "Pita," au "Ngoja." Basi. Mwaka wa vita, mji mzima ulipokuwa unatoka kwa njia moja na watu wamejitwika magodoro, ni maneno hayo mawili yaliyowafikisha salama. Jean-Marie alifundisha biolojia maisha yake yote, na alikuwa mtu wa kudai ushahidi hata wa chumvi kwenye mboga. Lakini mke wake akisema pita, alipita. Hakuwahi kuuliza mara mbili.

Magari ya enzi ile yalitoka kiwandani na kioo kimoja tu cha pembeni, cha upande wa dereva. Kila fundi aliyeiona 404 alishauri kiongezwe cha pili, retro kama tunavyokiita, na kila mara Jean-Marie alikasirika kama mtu aliyeambiwa amtoboe mtoto wake pua. Mlango ule wa kushoto haujawahi kuguswa na chuma, alisema, na hautaguswa. Kisha alimwonyesha Godelive kwa kidevu.

"Retro yangu ni ule pale."

Mafundi walicheka, na Godelive alijifanya hakusikia. Alisikia sana. Neno lile lilimfurahisha kuliko sifa zote alizopewa shuleni, ambako alifundisha darasa la kwanza mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo macho yakaanza kumsumbua. Kanisani, mkesha wa Pasaka, Godelive aliona mishumaa imeota nywele. Alidhani ni moshi wa ubani. Wiki zilizofuata nywele zile zikawa ukungu, na kufikia mwanzo wa kiangazi jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga, na la kulia likiona watu kama nguo zilizoanikwa mbali. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuchambua maharagwe kwa vidole, kupanda ngazi kwa mazoea, kuwatambua majirani kwa sauti na kwa mwendo. Aliyafanya yote hayo kwa ufundi mkubwa hata mume wake, aliyekula naye meza moja kila siku, hakushtuka.

Usimhukumu haraka. Baba yake alipofuka uzeeni, na Godelive aliona kilichofuata. Hakuna aliyemtesa. Walimlisha, walimwogesha, walimwekea kiti jikoni penye joto. Ila watu waliacha kumuuliza kitu. Waliulizana juu ya kichwa chake: amekula? analala vizuri? shamba lake tumpe nani? Na mzee mwenyewe yupo palepale, masikio mazima, akili nzima. Mwishowe aliacha kusema, na akafa katika hali hiyo ya kunyamaza. Godelive aliamini kwamba ugonjwa uleule umemfikia yeye sasa, na aliuogopa ukimya ule kuliko giza lenyewe.

Kila Jumamosi walikwenda Nyangezi. Séraphine, dada yake mkubwa, alikuwa kitandani huko tangu upande mmoja wa mwili wake ulipopooza, na hakukubali kuogeshwa na mkono mwingine wowote ila wa Godelive. Njiani, kila walipofika nyuma ya lori, Godelive sasa alikuwa na jibu moja. Ngoja. Ngoja. Ngoja tena. Jean-Marie akaanza kumtania.

"Mama Luc, umekuwa mwoga sasa? Hii lori tuko naifwata sawa vile tunasindikiza maiti."

Luc ni kifungua mimba wao, aliyehamia Kinshasa zamani. Jean-Marie alicheka peke yake. Mzaha ule ulimchoma Godelive, kwa sababu aliona ndipo mambo yanapoanzia: leo utani, kesho ataacha kuuliza.

Jumamosi iliyofuata, walipokwisha kupita Panzi, walilikuta lori la simenti likijikokota mlimani. "Niende?" aliuliza Jean-Marie. Godelive alinyoosha shingo. Mbele palikuwa na weupe mtupu. Alitega sikio, hakusikia honi, hakusikia injini nyingine. Akaukumbuka utani wa wiki iliyopita.

"Pita," alisema.

Pikipiki ilitoka ndani ya weupe ule, ikishuka kilima moja kwa moja kuelekea kwao. Alichokiona Godelive ni doa jekundu la kofia ya dereva, lililokua ghafla. Jean-Marie, ambaye lori bado lilimziba, alisikia honi tu akazungusha usukani, gari likarudi nyuma ya lori kwa kishindo, na vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia, pikipiki ilikuwa imegeuka nyuma mbele na kulala kwenye mtaro wa ng'ambo, taa yake ikielekea Nyangezi, kule ilikotoka. Kijana aliyeiendesha alikuwa amesimama kando, mzima, goti likivuja damu.

"Ninyi wazee, munatafuta kuua batu?" alipiga kelele. "Gari ya volant ya kule, na munapita tu vile!"

Jean-Marie alishuka, akaomba msamaha, akamfunga goti kwa leso yake mwenyewe. Kijana akaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi wa kando ya njia, huku bado analaani. Godelive hakushuka.

Walikwenda polepole mpaka kwa Séraphine, wakazima gari. Hapo Jean-Marie akageuka.

"Ule kijana alitoka nyuma yetu," alisema, kwa ile sauti yake ya kufunga somo. "Umeona moto yake, ile pikipiki, ilikuwa inaangalia fasi gani? Ilikuwa inakuja huku. Kama angetoka mbele, wewe ungemwona."

Godelive alishika kitasa cha mlango.

"Si kosa yako, Mama Luc. Nyuma hauna macho. Kosa ni yangu, nilikatala retro myaka hii yote."

Godelive alifungua mlango, akashuka. Aliingia ndani kumwogesha dada yake, akamwosha mkono uleule mara tatu hata Séraphine akamuuliza kama ana homa.

Katikati ya wiki Jean-Marie alilipeleka gari kwa Chrispin, fundi wa bodi mwenye kibanda karibu na soko la Nyawera. Chrispin alikuwa amechimbua mahali kioo cha duara chenye fremu ya kung'aa, cha gari lenye umri uleule, na kweli kilipendeza. Jean-Marie aliupangusa mlango wa kushoto kwa kitambaa, polepole, kama anaunawisha uso wa mtu. Chrispin akashika mashine ya kutobolea.

"Papa, nitoboe kweli? Kesho usinililie."

"Toboa."

Jean-Marie akatazama upande wa soko. Godelive alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba magotini, na alisikia chuma kikila chuma. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Mume wake alikuwa anautoboa mlango alioulinda tangu ujana, si kwa sababu amemshuku mke wake, bali kwa sababu hawezi kumshuku hata kidogo. Heri angemshuku, alijiambia. Lingekuwa jambo jepesi zaidi kulibeba.

Kioo kilipokwisha kufungwa, Chrispin akamwita. "Maman, ingia kwa volant, utuambie. Papa anasema macho ya ile gari ni yako."

Godelive aliingia upande wa usukani. Jean-Marie alikwenda kusimama nyuma ya gari, mbali, upande wa kushoto.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Kweli?"

"Nakuona na ile shati yako ya bleu, na kola imepinda."

Wote wawili wakacheka, na Jean-Marie akanyoosha kola yake. Godelive hakuwa ameona shati wala mtu. Alilipiga pasi mwenyewe asubuhi ile, na kola ile haijawahi kukaa sawa.

Jumamosi ikafika. Jean-Marie aliendesha kwa furaha ambayo mkewe hakuwa ameisikia siku nyingi, akimsimulia kila anachokiona kwenye kioo. Moto moja inakuja, sasa imepita. Mama mmoja anavuka na beseni. Jeep inawasha taa, wacha ipite. Aliendesha kwa kasi kuliko zamani, na hapo ndipo Godelive alipoanza kuogopa. Kioo kilikuwa kimempa mume wake ujasiri. Lakini kioo kilimwonyesha ya nyuma tu. Ya mbele bado alimtegemea yeye.

Wakalifikia lori la mbao. Jean-Marie akatupa jicho kwenye kioo.

"Nyuma hakuna mutu," alisema, na gari likaanza kuvuta kushoto. "Niende?"

Godelive alitazama. Weupe. Neno "ngoja" lilikuwa tayari mdomoni, na lingetosha kwa leo. Lakini alijua sasa kwamba hata ngoja ni uongo, maana anayesema ngoja amesema kuna kitu nimekiona. Na baada ya ngoja za kutosha, siku moja angechoka, angesema pita tena.

"Siko naona," alisema.

"Lori inakufunika?"

"Hapana. Ni mimi. Jicho ya kushoto ilishakufa, na hii ingine iko naifwata. Ule kijana wa moto alitoka mbele, Papa Luc. Alitoka mbele na sikumwona."

Jean-Marie alirudi nyuma ya lori, akaliacha liende, akasimama chini ya mikaratusi na kuzima injini.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Godelive alimsikia akivuta pumzi, na alijua anazipita moja moja Jumamosi zote zile, na malori yote yale.

"Ungetuua," alisema Jean-Marie. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeua mutoto wa batu, Godelive. Mutoto wa batu!"

"Najua."

Alishuka, akafunga mlango, akaenda kusimama mbali kidogo. Godelive aliona kivuli cheusi tu, hakujua kama kimemwelekea au kimempa mgongo. Alijisemea moyoni: basi, imeanza. Ataendesha mwenyewe, au atauza gari. Nitakaa jikoni. Alilia, na hakutafuta kitambaa.

Jean-Marie aliporudi sauti yake ilikuwa nzito.

"Kwa dokta wa macho umefika?"

"Ni ugonjwa ya papa yangu. Yeye dokta hakumusaidia."

"Papa yako balimupeleka kwa dokta gani?"

Godelive akafikiri. Hakukumbuka dokta. Hakukumbuka mtu yeyote aliyewahi hata kulisema jambo hilo.

"Lundi, kesho kutwa asubui, tunaenda," alisema Jean-Marie, akawasha gari. "Pengine batasema inapona, pengine batasema haiponi. Lakini tutasikia sisi bote mbili." Halafu, akiingiza gia: "Bado nina hasira."

"Uwe nayo."

Walipanda kilima. Karibu na kilele walilikuta tena lori lile la mbao, likitambaa kwa gia ya kwanza. Jean-Marie akalifuata kwa mbali, bila kuuliza kitu. Pikipiki ziliwapita zikipiga honi. Teksi ikawapita, abiria wakitoa vichwa kuwatazama wazee na gari lao zuri lisilojua kwenda. Godelive alikaa mikono mapajani. Swali alilolizoea halikuja.

Dereva wa lori, labda kwa kuwahurumia, akawasha taa ya nyuma ya kulia, kama madereva wetu wanavyofanya kumwambia aliye nyuma kwamba njia ni wazi.

"Dereva anasema tupite," alisema Jean-Marie.

Godelive alisubiri kusikia gari likivuta kushoto. Hakuna ambaye angemlaumu mume wake. Alikuwa amepata macho mengine, mazima, ya dereva wa lori. Gari halikuvuta.

"Wewe unasema nini?" aliuliza Jean-Marie.

Alisikiliza injini ya lori ikihema, na changarawe chini ya matairi.

"Tubaki nyuma," alisema.

"Sawa."

Wakabaki nyuma ya lori lile, wakila vumbi lake, mpaka Nyangezi.