Fisi Aliyeoga kwa Sabuni

Siku ile tulikuwa sita uani, tunachambua pamba, safi huku na fifi, ile yenye madoa, kule. Bibi mzaa baba ndiye mkubwa wetu. Mama yangu alikuwepo, na shangazi, dada yake baba aliyeolewa Dutwa. Kaka yangu wa darasa la nne, pekee aliyejua kusoma. Mdogo wangu wa kike wa mwisho, na mimi. Majina yao ninayo yote, siyaandiki tu.

Shangazi alikuja na mche wa sabuni kutoka duka la kwao. Ukinunua mche, mwenye duka anakupa na kijitabu cha watoto chenye picha ya sungura. Sungura yuleyule kachorwa kwenye karatasi ya sabuni. Kwetu hakikuwahi kuingia kitabu zaidi ya cha dini, basi tukamwambia kaka asome.

Anasoma Kiswahili, anamgeuzia bibi kwa Kisukuma. Fisi anataka kuoa, sungura ni mshenga wake. Bibi akaacha pamba. Hadithi ilikuwa yake. Mwaka uliotangulia alipita mgeni mwenye daftari, akanywa maziwa ya mgando kwetu, akaomba hadithi. Bibi alimpa hiyo, maana mgeni hanyimwi.

"Endelea," akasema.

Kaka akasoma kwamba sungura alimpa fisi sabuni. Fisi akaoga mtoni, akanukia, binti akamkubali.

Bibi alibaki ameshika kitumba cha pamba hewani. "Soma vizuri, wewe."

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

"Binti wa watu kaolewa na fisi?"

"Si ameoga, mayu," shangazi akamwambia mama yake huku anacheka. "Hata baba alioga siku ya kuja kwenu."

"Baba yako alikuwa hali watu."

Akaanza kutusimulia mwisho wenyewe, binti alivyomponyoka fisi. Bibi hakufika mbali. Mdogo wangu, yule aliyelelewa mgongoni mwake, akamkatiza: "Siyo hivyo, bibi. Unadanganya. Kitabuni ameolewa."

Mama alishtuka hata hakumpiga. Nami nilikuwa upande wa kitabu, sitaficha. Karatasi ya sungura tuliibandika ukutani, na mama akinunua sabuni isiyo ya sungura tunanuna.

Bibi hakuisimulia tena. Tukimwomba anasema, "Nendeni dukani mkasimuliwe." Akafa nayo.

Sasa wajukuu wangu wananiuliza mimi. Naanza vizuri, posa, mshenga, mpaka mtoni. Hapo inakuja sabuni tu, hakuna kingine, na kila mara nashtuka upya. Najua binti aliponyoka. Aliponyokaje? Nadhani palikuwa na mtungi, ama alimtuma fisi kuchota maji kwa kitu kinachovuja. Sina hakika. Wewe uliyelelewa Bariadi, Dutwa au Nassa, kama bibi yako aliimaliza, nisahihishe nilipokosea, niwaambie hawa watoto ningali nipo.