Njia ya Panya Wenye Milia

Naikumbuka siku moja ya kiangazi, miaka ya tisini, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa Chebunyo, nimetoka kwetu Boito kwenye majani chai. Kwetu ukichoka kumbeba mtoto, ulimlaza katikati ya mistari ya chai ukaendelea kuchuma. Basi nikadhani dunia yote ni chai.

Tulikwenda kukata nyasi za kuezeka, mimi na mama mkwe, ambaye wote tulimwita Kogo. Chini ya nyasi ndefu nikaona kijia kimefyekwa vizuri, laini. Nikatandika leso, nikamlaza Chebet, dada yako, ambaye hata kutambaa alikuwa bado. Nilijiona mjanja, wacha wee.

Kogo alipokuja kunywa maji, akasimama ghafla.

"Usisogee. Nani alikwambia ulaze mtoto kwenye njia ya panya?"

Wale panya wadogo wenye milia mgongoni hukata nyasi kwa meno, wakajitengenezea barabara. Na mwenye kuwawinda anaijua barabara hiyo kuliko wao. Nikatazama. Karibu na kichwa cha mwanangu, bafe, yule nyoka mnene mwenye sumu, alikuwa amejikunja, rangi yake ile ile ya nyasi kavu.

Chebet akaanza kuamka. Akarusha mguu. Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu. Nilitaka kumrukia mtoto, lakini Kogo alinikamata mkono, akanong'ona, "Tulia. Huyo hakumfuata mtoto."

Tukangoja. Mtoto akanyoosha mkono, akaguna. Ndipo panya mmoja akaja mbio kwenye njia yake, kama alivyozoea. Bafe akamrukia, na papo hapo Kogo akavuta ncha ya leso, mtoto akaja nayo.

Nililia sana. Kogo hakunibembeleza. Alinipa mtoto, akasema, "Uliona pasafi, ukafikiri ni pako. Pasafi pana mwenyewe."

Mwanangu, sikufundishi kuogopa nyoka. Kesho unaenda Londiani kuanza maisha kwa watu usiowajua. Ukikuta njia imelainishwa tayari, kabla hujalaza hapo kitu unachokipenda, uliza ni nani aliyeilainisha, na ni nani anayemvizia. Kuuliza si ujinga. Panya hatakuja kila siku kufa kwa ajili yako.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya Kogo, na mkono wake pia.