Kava la Khaki

Juzi binti wa jirani alipita getini kwangu, Kitengela, fulana yake imeandikwa kwa herufi kama za kukatwa gazetini, kila moja imelala upande wake. Mimi, ambaye safari zangu huishia kwa kamba ya nguo, nilisahau kuanika.

Dada yangu Naserian aliwahi kutengenezea kanda ya bendi yake ya roki kava la namna hiyo, lenye harufu ya gundi, na picha yao ya fotokopi imetobolewa pini machoni. Nilidhani limeharibika. Nikalitumia kuwashia jiko, kisha nikaifunika kanda kwa karatasi ya khaki kama daftari la shule na kuandika kwa rula: *Jina: Naserian. Somo: Muziki.*

"We! Kava langu liko wapi?"

"Lilikuwa limeraruka, dada. Nimekutengenezea jipya."

Aliyatazama majivu. Hakukata herufi tena maishani. Nami, bingwa wa usafi, nilikuwa nimesimama pale nikingoja asante.