Siki Iliyokorogwa

Masha alikuwa mrefu kuliko mlango wa nyumba yake, na kwa miaka yote niliyomjua aliingia kwa kuinama. Baada ya kiharusi hakuhitaji kuinama tena, maana mgongo ulikuwa umejikunja wenyewe. Nyumba yao iko Timboni, nyuma ya Watamu. Mimi mguu wangu haukai mahali pamoja, basi kila nipitapo huko hupiga hodi, na Sidi mkewe hunipa maji na kiti.

Mwaka huo nilipopiga hodi nilimkuta Sidi ameshika bakuli la uji, na Masha ameugeuza uso ukutani.

"Vijiko viwili," Sidi aliniambia. "Tangu asubuhi. Jana kimoja. Daktari amesema dawa haifanyi kazi kwenye tumbo tupu. Amesema asipokula, mama, jiandae."

Alikuwa amempikia kila kitu. Sima na mboga ya mchunga, samaki wa nazi, muhogo, hata biskuti alimchovyea kwenye chai. Masha alikuwa akionja, anashukuru, kisha anafunga mdomo.

Sasa, siku moja walipokuwa wakirudi kutoka kliniki kwa tuktuk, walipita mbele ya hoteli mpya karibu na ufuo, ile ya vyakula vya Kifilipino, ambayo vijana wa Nairobi na Wazungu walikuwa wakiijaza kila Jumamosi. Nje paliwekwa ubao wa chaki wenye majina ya vyakula. Masha aliinua mkono wake mzima, akausoma ubao, akasema, "Adobo." Halafu akacheka. Sidi aliniambia alikuwa hajasikia kicheko hicho kwa miezi saba.

Lazima niseme kwamba Masha alikuwa baharia. Miaka kumi na tisa alikaa katika meli za mizigo, na wenzake wengi walikuwa Wafilipino. Fundi wa injini, ndivyo tulivyomjua wote. Kila likizo alikuja na hadithi za mashine kubwa kama kanisa, na pale mangweni, tulipokuwa tukinywa tembo la mnazi, tulimwita Injinia. Hata binti yake Linet, shuleni, aliandika hivyo kwenye fomu.

"Nitampeleka," Sidi akaniambia. "Akila huko, basi nitajua anaweza kula. Nawe utatusindikiza, maana kumwinua peke yangu siwezi."

Tukaenda Jumatano mchana. Viti vilikuwa vya kamba, virefu, na tulitumia muda kumkalisha Masha asiteleze. Meza ya pili wasichana wawili walikuwa wamesimama juu ya chakula chao wakikipiga picha, nacho kinapoa. Akaja mhudumu, Kavata, binti mwenye heshima kutoka bara.

"Shikamoo wazee. Shikamoo mama. Niwasomee orodha?"

"Marahaba. Usitusomee," Sidi alisema. "Tuletee adobo. Ya kuku. Ya mgonjwa huyu, na iwe nyingi."

Ilipoletwa, Sidi aliitazama kwa muda. Sahani ilikuwa ya jiwe jeusi, pana kama ungo. Katikati palikuwa na paja moja la kuku, dogo, juu yake ua la zambarau. Wali ulikuwa umepinduliwa kutoka kikombe kidogo. Mchuzi ulidondoshwa pembeni, tone, tone, tone.

"Mwanangu," Sidi akamwambia Kavata taratibu, "kuku mwingine yuko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mama. Inapangwa hivyo."

"Haya. Na ua ni la kula au la kaburi?"

Kavata alicheka akiwa ameziba mdomo. Sidi hakucheka. Alikata nyama vipande vidogo, akachovya, akampelekea Masha mdomoni, huku yeye mwenyewe amefungua mdomo. Hapo nikaona jinsi alivyoitegemea siku hiyo.

Masha alitafuna. Upande mmoja wa mdomo wake haukufunga vizuri, Sidi akampangusa. Akameza. Halafu akausukuma mkono wa mkewe.

"Baba Linet, ongeza kidogo."

"Siki imekorogwa," Masha alisema.

"Nini?"

Maneno yake siku hizo yalitoka polepole, lakini haya yalitoka sawasawa. "Siki ukiitia, huigusi. Unaiacha ichemke mpaka ule ukali utoke na mvuke. Ukiikoroga ingali mbichi, inabaki mbichi hadi mwisho. Na hii ni ya chupa ya dukani. Kule inatoka kwenye mnazi, tembo lililolala wiki nyingi. Kitunguu saumu nacho kimeungua."

Sidi alishusha kijiko. "Wewe ulikuwa wa injini. Umejuaje?"

Kavata, ambaye alikuwa amesimama karibu, alikwenda jikoni akarudi na mpishi. Gitau aliitwa, kijana mnene mwenye aproni, na nilidhani amekuja kugomba. Kumbe aliinama mbele ya Masha.

"Mzee, nisamehe. Mimi nimejifunza kwa simu. Sijawahi kuonana na Mfilipino hata mmoja. Wewe ulifundishwa na nani?"

"Rodelio," Masha alisema. "Mpishi mkuu. Mimi nilikuwa chini yake, halafu alipostaafu nikawa mimi." Akamtazama mkewe. "Nilikuwa mpishi, Mama Linet. Miaka yote. Baba alisema hakuzaa mwanamume wa kukaa jikoni, nami nikaogopa kuchekwa. Nikasema injini."

Mzee Mwaro, baba yake, namkumbuka. Angesema hivyo kweli.

Nilitarajia Sidi apige kelele. Alikunja leso yake mara nne, akaiweka mezani.

"Nilipomzaa Linet," alisema, "ulikuwa likizo. Siku ya tatu niliinuka kupika, na damu inanitoka. Wewe ulikuwa umekaa barazani, unanisikia. Na ulikuwa mpishi."

Masha alilia. Gitau alirudi jikoni kimyakimya. Hatukumaliza kile chakula.

Siku mbili Sidi alimpa uji bila kumsemesha. Siku ya tatu, nami nilikuwapo, alikwenda kwa Dena mgema akarudi na chupa ya tembo lililokwisha kuwa siki. Akachinjisha jogoo. Akaleta jiko la makaa uani, akaweka sufuria, pilipili manga, vitunguu saumu, akamvuta Masha na kiti chake hadi pale.

"Pika," akamwambia.

"Mkono wangu, Sidi."

"Una mwingine."

Alipika kwa mkono wa kushoto. Alipoangusha mwiko Sidi aliuokota, akauosha, akamrudishia, hakumsaidia zaidi ya hapo. Majirani walikusanyika nyuma ya ua wa makuti. Mmoja akapaza sauti, "Injinia! Leo umeolewa?"

"Nimeolewa zamani," Masha akajibu. "Ninyi ndio mmechelewa kualikwa."

Siki ilipotiwa, Sidi alinyoosha mkono kukoroga, kwa mazoea tu. Masha akaushika. Wakakaa hivyo, mkono wake juu ya wa mkewe, mpaka ilipochemka.

Sahani ya kwanza alimpa Sidi. Sidi alikula yote, mifupa aliitafuna, na Masha alikuwa akimtazama kila tonge. Kisha naye akaomba. Alikula paja na wali wa kiganja kimoja. Hakugeukia ukuta.

Aliishi miezi kumi na mmoja baada ya hapo. Siku alizoweza, alipika, na Gitau alikuja mara mbili na daftari. Halafu kiharusi cha pili hakikumwacha.

Siku ya mazishi mzee wa kanisa alisoma wasifu wake, kama ilivyo desturi kwetu. Karatasi ilikuwa imeandikwa na Linet usiku wa kuamkia siku hiyo, huku akilia, kama alivyozoea kuandika tangu shuleni. "Marehemu alikuwa baharia, fundi wa injini katika meli za..."

Sidi alisimama. Mjane hasimami wakati huo, na watu wote waligeuka.

"Mpishi," alisema. "Soma tena. Sema mpishi."

Mzee wa kanisa alitafuta kalamu mfukoni, hakuipata. Akarudi mwanzo wa mstari, akasoma kama alivyoambiwa.